Foleni ya Waonjaji

Usiku wa kuamkia leo nimeota ninasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, na kidonge kinaniuliza kama mama yangu ana habari.

"Hana," nikakijibu. "Kaka Mushobozi amesema nikutie kwenye uji, asijue."

"Basi saga polepole," kidonge kikasema. "Nina mgongo mbaya."

Hayo ya kaka hayakuwa ndoto. Mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Ma Anatolia, ana ugonjwa wa kushuku watu. Daktari aliupa jina refu. Sisi nyumbani tunauita kushuku tu, kama vile ni mgeni aliyekuja kukaa na hasemi ataondoka lini. Mama anaamini kuna watu wanaotaka kumtoa duniani, na kwamba sasa wamenipata na mimi, niko upande wao. Tangu mvua zianze hajala kitu nilichopika. Anajichomea ndizi mwenyewe, tena anaimenya akiwa ameipa dunia mgongo. Amekonda mpaka kitenge hakimshiki. Daktari amesema asipomeza dawa wiki hii, atalazwa. Na mama amesema siku atakayopelekwa hospitali kwa nguvu ndiyo siku atakayojua kwamba alikuwa sahihi.

Turudi ndotoni.

Mlango unabishwa. Ninafungua. Nje kimesimama kicheko, kimevaa kandambili.

"Hodi. Hapa ni kwa Ma Anatolia?"

"Ndipo."

"Mimi ni kicheko cha juzi, pale dukani kwa Ta Kagaruki. Mama alisema nilikuwa cha kumcheka yeye, nyie mkambishia. Nimekuja kuthibitisha. Nilikuwa chake."

Nyuma yake kuna pikipiki. "Nilipita mara ya pili makusudi, dada, nisamehe," inasema. Nyuma ya pikipiki kuna kikohozi cha jirani, kimeinamisha kichwa. Nyuma ya kikohozi kuna redio, na redio inakiri kwamba iliposoma taarifa ya habari ilikuwa inamtazama yeye. Wote wana adabu sana. Wanafuta miguu kabla ya kuingia.

Kila asubuhi na kila jioni nimemwambia mama, "Hakuna kitu, Mama, hakuna kitu," na sasa hivyo vitu vimekaa kwenye mkeka wetu, vinasubiri chai.

"Kwa hiyo mnataka kumuua?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Sisi?" kicheko kikasema. "Sisi tunamsema tu. Mambo ya kuua hatuyajui. Hiyo si idara yako? Wewe ndiye unayesaga."

Nikaficha kijiko nyuma yangu. Nilipogeuka kuchukua uji, jiko halikuwa jiko tena. Lilikuwa ukumbi mkubwa wenye dirisha la kioo, na nyuma ya kioo limeketi bakuli la bati, limevaa miwani.

"Uji huo umeonjwa?" bakuli likauliza bila kuniangalia.

Kwetu Bukoba, mwenye nyumba anapompa mgeni kahawa ya kutafuna, yeye ndiye wa kwanza kutia punje mdomoni, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Hili halifundishwi na mtu, unalikuta. Basi nikainua kikombe cha uji nionje.

"Wee, subiri! Wewe umeonjewa na nani?"

"Mimi ndiye muonjaji."

"Ndiyo maana nauliza. Kama muonjaji amekula njama na mpishi, je? Muonjaji lazima naye aonjewe. Foleni ile pale. Usisukume watu."

Wa kwanza kwenye foleni ni kaka Mushobozi, amevaa suti yake ya kanisani.

"Kaka, onja."

"Mimi? Mimi ndiye niliyeleta dawa, Kemilembe. Nani ataniamini? Kwanza nani atanionjea mimi?" Akampa kikombe aliye nyuma yake, na huyo alikuwa kiti cha enzi.

"Nimekaliwa na wafalme," kiti kikasema, kikinusa uji kwa mbali. "Kila mmoja alikuwa na muonjaji, na muonjaji wa muonjaji. Mmoja wao alikufa kwa njaa huku meza imejaa. Alikuwa mwangalifu kupita wote. Chukua, mama, onja wewe."

"Aa, mimi sionji kabla ya mkwe wangu," akasema mwanamke aliyefuata, akimsukumia kikombe mkwe wake aliye nyuma.

"Unaniogopa, mama mkwe?"

"Nikuogope? Nakuheshimu tu. Onja."

"Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, wakati tumbo linaunguruma mpaka huku tunasikia?"

Kikombe kinapita mkono kwa mkono. Foleni imetoka ukumbini, imefuata barabara ya sokoni, sasa iko ufukweni, inaingia ziwani na watu wamesimama majini hadi kifuani, wananusa, wanatingisha vichwa, wanapitisha. Kila mtu anamtazama wa nyuma yake kwa jicho la pembeni. Hakuna anayeonja. Uji unapoa. Na kila mtu anapokataa, nasikia kitenge kikimzunguka mama mzunguko mmoja zaidi, sijui wapi, lakini nasikia: shwaa. Shwaa.

Ninakimbia kando ya foleni. Ninapiga kelele, "Jamani, onjeni, mtu anaisha huku!" Kicheko kinakimbia nami, kandambili zinapiga tap tap.

"Unahangaika bure," kinaniambia. "Umewahi kufikiri nani yuko mwisho?"

Foleni inatoka majini, inapanda kilima, inapita katikati ya migomba, inaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba yetu. Mwisho wake uko jikoni. Mwisho wake ni mama.

Ameketi, amekuwa mwembamba kama utambi. Kikombe kimemfikia. Nyuma yangu mji mzima umesimama na kumsubiri.

"Kemilembe."

"Abee, Mama."

"Wanasema nikionja mimi, wote wataonja."

"Ndivyo wanavyosema."

"Haya. Kuna nini humu?"

Mdomo wangu haukunisubiri. "Hakuna kitu," ukasema, na yale maneno yakaanguka sakafuni, mepesi, kama maganda ya karanga. Mama akayatazama. Hakuyaokota.

"Rudia," kaka akaninong'oneza kisogoni. "Rudia kwa sauti ya upole."

Nikafumbua mdomo nirudie. Ndani ya uji, kidonge kilikuwa kimya kama mtu aliyejificha uvunguni. Nikaona mkono wa mama ulioshika kikombe. Mifupa yake yote ilikuwa inaonekana, kila mmoja peke yake. Nikajua kwamba nikirudia, huyu mwanamke hatamwamini mtu mwingine tena maisha yake yote, na hatakuwa na kosa.

"Kuna kidonge, Mama," nikasema. "Nimekitia mimi. Ni cha daktari, cha huo ugonjwa wako. Ni kichungu. Sikutaka ujue."

Foleni nzima ikavuta pumzi, mpaka ziwa likarudi nyuma. Kicheko kikavua kandambili, kikazishika mkononi.

"Umetuharibia," kaka akasema.

Mama hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi mwaka mzima, na leo ndani kuna aliyeitika. Akafumbua midomo aseme kitu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Sikuwa nimesaga chochote. Dawa zilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya mto, vilevile kama kaka alivyonikabidhi, na alinikabidhi nje, mbali, mama akiwa amelala. Sikuwa nimemwambia mama hata neno moja.

Nikaenda jikoni kuwasha moto. Nikamkuta ameshatangulia, amekaa, macho mekundu kama ya mtu aliyesimama usiku kucha. Sijamwamkia bado, akaninyooshea kiganja, kikiwa wazi.

"Kichungu kiasi gani?" akaniuliza.