Kasi Sifuri

Mdogo wangu alimshika mwanangu kifundo cha mguu, akakikunja, akakinyoosha, kisha akaandika kitu kwenye faili bila kuniangalia. Aliandika kwa penseli. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nikijaribu kusoma maandishi yale kichwa chini miguu juu, nikashindwa. Mwanangu ana mwaka na miezi minane na hajasimama hata mara moja. Mke wangu ndiye aliyesema nimpeleke mtoto kwa shangazi yake, huyu mdogo wangu, kwa kuwa ni mtaalamu wa viungo, na ndugu hawezi kukuficha kitu. Mke wangu hayajui mambo yetu.

Miaka kumi na tisa iliyopita, penseli ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mtaa mzima uliniita Hakimu kwa sababu ya mchezo wa madubwana tuliokuwa tukicheza kwenye gemu za mkononi. Ulikuwa hivi: unaangua yai, dubwana anazaliwa, unamfunza, unampeleka kupigana. Lakini kila dubwana huzaliwa na namba sita zilizofichwa, kuanzia sifuri hadi thelathini: uhai, nguvu, kinga, na kadhalika mpaka kasi. Mchezo haukuonyeshi. Ili kuzijua lazima upige hesabu ndefu, na hesabu hizo mtaani kwetu nilizijua mimi peke yangu, mimi na daftari langu. Jumamosi watu walipanga foleni mlangoni. Nilipima, nikaguna kidogo, kisha nikatamka. Fundi bomba mmoja, mtu mzima na ndevu zake, aliwahi kutoka kwetu machozi yakimlengalenga. Sitaki kujisafisha: niliipenda ile sekunde kabla sijasema, mtu anapokutazama mdomo.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka ule aliumia nyonga, akafungwa plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, akalala miezi mitano. Ilipotolewa, mguu mmoja ulikuwa umebaki mfupi kidogo. Sasa, yai la mchezo ule halianguliwi mpaka utembee nalo hatua elfu mbili, huku na huku kwenye kioo cha gemu. Basi yeye alilala chali akitembea. Mayai mia mbili na zaidi. Mama akiingia na chai, humkuta anasonga tu kwa kidole gumba.

Ndipo akampata Bi Harusi. Alikuwa dubwana mwenye gamba la chuma na miguu minne minene, anayetembea kwa maringo kana kwamba watu wote wamesimama kumtazama; ndiyo maana akampa jina hilo. Alimfunza kwa wiki sita.

Mashindano ya mchezo huo yalikuwa mji wa jirani, siku ya Jumapili. Baba alikuwa na pikipiki, na pikipiki hubeba abiria mmoja. Akasema tupambane wenyewe kwa wenyewe Jumamosi jioni, atakayeshinda ndiye atakayepanda. Asubuhi ya Jumamosi hiyo mdogo wangu alikuja chumbani kwangu akichechemea, akaiweka gemu yake mezani.

"Kaka, nipimie," alisema. "Nikimtumia huyu nitakuwa sawa?"

Mpinzani wangu mwenyewe, ananiomba mimi nimpimie silaha yake. Ndivyo alivyoniamini.

Nilipiga hesabu. Namba tano zilikuwa thelathini, zote. Sijaona tena mfano wake. Ya sita, kasi, ilikuwa sifuri. Nikarudia hesabu. Kwa asiyejua, kasi sifuri ni msiba: kila adui atakupiga kabla hujainua mguu. Lakini kuna pigo moja katika mchezo ule, Saa Kinyume, ambalo likitumika hugeuza zamu, wa mwisho akawa wa kwanza. Na Bi Harusi alizaliwa nalo. Wanaojua wangetembea mwaka mzima kuitafuta sifuri ile. Mimi sikuwa na dubwana hata mmoja ambaye angemaliza raundi mbili mbele yake.

Namba zote nilimwambia kweli. Hilo nimejitetea nalo kwa miaka, kama wakili wa kukodiwa. Nilimwandikia hata kwenye karatasi, na ile sifuri nikaizungushia duara mara mbili.

"Kasi sifuri," nilisema. "Huyu ni mzito tu. Kama wewe. Hafundishiki, mwachie aende zake."

Sikuwa na haja ya kusema kama wewe. Ile hukumu ingetosha. Nilisema kwa sababu nilitaka kuuona uso wake.

Hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akafungua orodha, akachagua Achia. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika. Ukamuuliza mara ya pili, maana anayeachiwa harudi. Nilikuwa na nafasi mbili za kufungua mdomo, nikazitumia kuchonga penseli. Bi Harusi aligeuka, akainua mguu mmoja kuaga, akaanza kuondoka. Na kwa uzito wake, alichukua muda mrefu kufika ukingo wa kioo. Tulimtazama mpaka akaisha.

Jioni nilimshinda ndani ya dakika nne. Kesho yake nikapanda pikipiki, nikatolewa raundi ya kwanza na mama mmoja mwenye miwani, na njiani baba akapaza sauti kuushinda upepo, akasema bora angemleta mwenzangu. Mdogo wangu alitupokea mlangoni, akauliza nimeshika nafasi ya ngapi. Hakuigusa gemu tena. Nikajiambia amekua.

Sasa alikuwa akimvalisha mwanangu soksi, ya kushoto, kisha ya kulia, akivuta kila moja mpaka ikakaa sawa. Nikamuuliza ameonaje.

Alifunga faili. "Nikuambie kweli," alisema, "au nikuambie kama ulivyoniambia?"

Nilitaka kujifanya sijaelewa, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Fundi wa televisheni wa pale mtaani, naye alikuwa akiucheza, alinieleza thamani ya sifuri ile, Jumatatu ile ile."

Hakuwa na hasira. Miaka kumi na tisa amenipakulia chakula, amecheza kwenye harusi yangu, amembeba mwanangu siku aliyozaliwa, na jambo hili analo moyoni. Nilimwomba msamaha. Niliomba vibaya, harakaharaka, huku macho yangu yakiwa kwenye faili, naye aliyaona yalipo. Alisubiri nimalize, kisha akaninyooshea mtoto.

"Hana tatizo," alisema. "Ni mzito tu. Kama mimi."

Nilimkazia macho, mimi niliyekuwa nikisoma namba zilizofichwa za mtaa mzima, nisione kitu. Nikamuuliza kama ni kweli.

Aliinuka, akachechemea hadi mlangoni, akaufungua, akamwita anayefuata.