Msiba wa Gongo la Elieshi

Mpaka Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi huko Uswidi, timu ya besiboli ya mtaa wa Spånga, iliyoitwa Kajor, yaani kunguru wadogo, ilikuwa ya kuonea huruma. Ilifungwa na kila aliyekuja, na siku moja ilifungwa na timu iliyokuja pungufu. Halafu Julai ikaingia, kocha akabadilishwa, na wachezaji wale wale wakaanza kushinda. Walishinda mfululizo hadi watu wa mitaa jirani ya Tensta na Rinkeby, wasiojua besiboli wala kuitaka, wakawa wanajazana uwanjani Jumapili baada ya ibada, na termosi za chai na maneno mengi.

Getrude yeye alikuwa akija tangu enzi za vipigo. Aliyemleta ni marehemu mumewe, ambaye yeye na rafiki yake Elieshi walifundishwa mchezo huo na mwalimu mmoja wa Kijapani, walipokuwa sekondari kule Moshi. Mume alishazikwa. Elieshi, na miaka yake hamsini na miwili, bado alikuwa anapiga. Au tuseme alikuwa anasimama pale pa kupigia, maana mpira na gongo lake walikuwa hawajasalimiana tangu Mei.

"Aliyegeuza mambo ni Anton," alisema Cyprian, dereva wa basi, ambaye hukohoa kwanza kabla ya kutoa hukumu. "Kocha kijana, akili mpya."

"Mais non, hapana!" Laurentine wa kwaya ya Wakongomani aliweka kikombe chini. "Sisi njo tuliombea hii équipe. Tulifunga, tukaomba, Mungu akajibu. Huyo Anton alikuwa wapi?"

"Basi mngemwombea na Elieshi magoti."

"Tuliomba. Magoti ilikatala."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini siku hiyo kicheko kilikuwa na mwiba. Wakishinda mechi hii, Kajor wangeingia kwenye kinyang'anyiro cha kupanda daraja, na hapakuwa na mtu aliyetaka kumwona Elieshi akipiga hewa. Anton alishaulizwa kama atamweka benchi. Alijibu "vi får se," tutaona, na uso wake ulionyesha kwamba angekubali kuumeza mpira kuliko kumwambia. Atamwambiaje, wakati Elieshi ndiye mwenye ufunguo wa stoo na ndiye anayechora mistari ya chokaa kabla ya kila mechi?

Macho yote yakamgeukia Getrude.

"Wewe ni mtani wake, dada," alisema Cyprian. "Mwambie wewe. Hawezi kukukasirikia."

Kweli hawezi. Getrude ni Mpare, Elieshi ni Mchagga, na baina ya hao tusi ni salamu na kukasirika ni aibu. Kwa miaka yote Elieshi alikuwa akimwambia kwamba ukoo wake ungeuza ng'ombe kuendesha kesi ya yai. Getrude naye alimwambia kwamba mtu anayefanya kazi mwaka mzima ili akatambe kwao Machame wakati wa Krismasi anahitaji daktari. Hata kwenye msiba wa mume wa Getrude, watu wakiwa wananong'ona, Elieshi alilala chali mbele ya jeneza akakataa lisipite mpaka marehemu arudishe kofia yake. Waswidi waligeuka wekundu kwa aibu. Getrude alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfikisha nyumbani siku ile.

Kwa hiyo aliogopa. Akikosea, atampoteza mtu pekee aliyebaki wa kumtukana katika jiji lote hili. Hilo hakumwambia mtu.

Alivua kanga yake mabegani, akaenda benchi la wachezaji, akalinyakua gongo la Elieshi na kulifunga sanda. Kisha akaliweka chini na kuangua kilio.

"Uuuwi! Gongo limetuacha! Limeacha mjane mmoja wa Kichagga na mipira isiyoguswa! Elieshi, zika, mwili unaharibika!"

"Jésus!" alisema Laurentine. "Huyu mama anaita kifo!"

Elieshi alicheka mpaka akashika uzio. "Mpare! Hata machozi unabania!" Akalifungua gongo, akajitupia kanga begani, akaingia uwanjani anachechemea.

Hapo ndipo Getrude alipoona ujinga wao. Walimtuma mtani kwa sababu maneno yake hayaumizi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa sababu hiyo hiyo hayasikilizwi.

Elieshi alipiga hewa mara tatu akatoka. Zamu ya pili, vivyo hivyo. Mechi ikafika ukingoni, Kajor wako nyuma kwa pointi moja, wenzake wawili wako kwenye besi, vile vituo vya uwanjani, wanangoja apige ili wakimbie kufunga, na zamu ikawa yake. Aliinuka, akatembea mpaka kwenye mstari alioupaka chokaa mwenyewe, akasimama. Kisha akageuka, akarudi benchi, akamvua koti Ephraim, yule fundi umeme aliyekaa hapo msimu mzima, akamsukuma mbele akapige badala yake.

Yeye akaja kwenye uzio. Gongo alilibeba mikononi, limefungwa ndani ya kanga vizuri kuliko alivyolifunga Getrude.

"Mtani," alisema, "mbona umenyamaza? Ulilia vizuri wakati maiti bado mzima. Haya, sasa lia."

Getrude alifungua mdomo. Tusi lilikuwepo, zuri kabisa, la Machame na Krismasi. Halikutoka. Yalitoka machozi, ya kweli, na hakuyafuta.

"Na matusi nayo unayabania?" Sauti ya Elieshi ilimkatikia katikati.

Nyuma yake gongo la Ephraim lililia, watu wote wakaruka, Cyprian akipiga kelele na Laurentine akimshukuru Mungu kwa Kifaransa. Mpaka leo Getrude hajui mpira ule uliangukia wapi. Alikuwa anasogeza termosi ili mtu apate pa kukaa.

"Kaa hapa," alisema. "Lakini chai ni ya kununua."