Mwanafunzi wa Kuonyeshwa Wageni

Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya meza za soko la Mchikichini. Mwanamkuu alikuwa amechuchumaa, akisugua tope kwenye viatu vya mtumba, simu ilipoita. Alijifuta mikono kwenye kanga. Alipoona ni namba ya chuo, aliipokea amesimama, akaahidi kufika chuoni.

"Likizo imekwisha?" akauliza mama yake, Bi Shamsa, aliyekaa juu ya kiroba, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele.

Mwanamkuu aliinamia tena viatu. Hapakuwa na likizo. Alikuwa amefukuzwa, na neno hilo lilimshinda kulitamka mbele ya mama aliyekuwa akimshikia meza kila jioni ili yeye akasome.

Kilikuwa chuo cha umma, jirani na Mnazi Mmoja, kilichojengwa, kwa maneno ya wakubwa wenyewe, kwa ajili ya watoto wa wachuuzi na wabeba mizigo. Mwanamkuu alifukuzwa sekondari kwa sababu ya mimba, akaja kufanya mtihani kwa kujitegemea ukubwani, akapata alama za kuungaunga. Darasa la jioni lilimpokea hivyo hivyo, akasomea ualimu. Alibakiza mazoezi ya kufundisha tu. Ndipo ulipokuja uongozi mpya na neno jipya: hadhi. Chuo kinataka kutajwa miongoni mwa vyuo bora vya Afrika, na walioingia na alama ndogo wanakivuta chini. Darasa la jioni likafungwa katikati ya muhula. Wenye uwezo wakahamia vyuo binafsi. Yeye akarudi kwenye viatu.

Sasa alikuwa anaitwa na Dokta Onesphory, mkuu wa kitivo.

Ofisini kiyoyozi kilikuwa kikali. Alisimama mpaka alipoambiwa akae.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mama. Biashara inaendaje?"

Akasema inaenda. Dokta akamweleza kwamba chuo kitatembelewa na wakaguzi wa viwango kutoka nje, na watu hao wana swali moja linalosumbua: chuo kinawasaidiaje watu wa hali ya chini? Alitakiwa mtu wa kulijibu kwa mfano wake mwenyewe.

"Wewe unajieleza vizuri," akasema. "Utawaambia ulikotoka. Soko, mimba, yote. Na kwamba unasoma hapa."

"Lakini sisomi hapa, Dokta."

"Jina lako bado halijafutwa kwenye mfumo."

Mwanamkuu aliyatazama matope yaliyokauka kwenye kucha zake. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama akizungumza ataruhusiwa kumalizia mazoezi.

"Tutaangalia," Dokta akasema. "Anayekisaidia chuo, chuo hakimsahau."

Neno hilo alikuwa amepewa na kila ofisi aliyoipitia. Alilichukua tena, maana hakuwa na jingine la kushika.

Siku ya wageni alivalishwa skafu yenye rangi za chuo, akapandishwa jukwaani. Spika zilifungwa hadi nje, upande wa barabara. Habari za mimba na za soko zilimtoka bila shida. Zilikuwa za kweli. Lakini alipofika pale pa kusema kwamba yeye ni mwanafunzi wa chuo hiki, aliishika skafu kwa mikono miwili. Angeweza kusema ukweli hapo hapo, kila mtu akasikia. Alimtazama Dokta Onesphory, akamwona anaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayemtia moyo mtoto.

"Mimi ni mwanafunzi hapa," akasema, na machozi yakamtoka.

Wageni wakadhani ni ya shukrani. Wakasimama, wakapiga makofi. Mmoja alifuta macho.

Baada ya hapo alimsubiri Dokta kwenye korido. Dokta alipita na wageni wakielekea kwenye chakula, akicheka, hakugeuka. Katibu muhtasi wake ndiye aliyekuja. Alimvua skafu, akaikunja vizuri, akamwonyesha mlango wa nyuma. Mwanamkuu akauliza aje lini kupata jibu.

"Tutakupigia, mama."

Nje ya geti alikutana na mwanamke aliyevaa aproni ya mama lishe, mtoto mgongoni, amekuja mbio mpaka anahema.

"Dada, ni wewe uliyekuwa unaongea kwenye spika? Na mimi walinifukuza shule kama wewe. Nilidhani basi tena. Wanaandikisha wapi?"

Mwanamkuu alifungua mdomo. Madirisha ya ukumbi wa chakula yalikuwa wazi juu yao, na ndani Dokta alikuwa bado hajamkatalia.

"Muulize mlinzi," akasema.

"Asante, mwalimu."

Mlinzi alimsikiliza yule mwanamke bila kusimama, kisha akamwonyesha ukingo wa mtaro, asubiri hapo. Mwanamke akaketi pale, akamshusha mtoto mgongoni, akaanza kumnyonyesha, uso ameuelekeza getini.