Vazi la Buluu la Tarehe Kumi na Saba

Jumapili ile Katungu aliingia kanisani Fairfield, jijini Sydney, akiwa amevaa bunad, na kabla hajaifikia safu ya kwaya, minong'ono ya benchi za nyuma ilikuwa imekwisha kuanza. Bunad ni vazi la kitaifa la Wanorwei. La kwake lilikuwa gauni zito la sufu ya buluu, maua yametariziwa kifuani na kwenye pindo, bizimu ya fedha imefungwa shingoni. Wanakwaya wenzake wote walivaa vitenge vya njano.

Papa Balthazar, kiongozi wa kwaya, alimvuta kando karibu na mlango wa jikoni.

"Mama Nicole, kitenge chako kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, Papa. Leo ni tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya Norwei. Tukitoka hapa, mimi na mtoto tunaenda mjini. Wanorwei wa Sydney wanaandamana."

"Wewe ni Mkongo, Mnande wa Butembo."

"Ndiyo."

"Kule Beni watu wetu wanachinjwa mpaka wiki hii. Na wewe unapambia Wazungu sikukuu yao."

Maneno yale yalimchoma. Asubuhi, mumewe Patient alimsaidia kufunga ile bizimu, akaenda zake kazini, kwenye ghala la Ingleburn.

"Papa, wale wa Beni nawalilia kila siku, na wewe unajua, maana tunalia pamoja. Lakini nilipofika Norwei nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa na baba tu. Mama tulimzika njiani kwa mikono yetu. Ilipofika Mei, shule nzima ikatoka barabarani, na watu wa mji mzima, elfu na maelfu. Nilimng'ang'ania mwalimu sketi. Nilidhani tunakimbia tena. Akanipa bendera ya karatasi, akaniambia, hapana, leo tunatembea tu. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wengi hivyo njiani na hakuna anayekimbia. Leo niseme siwajui?"

Balthazar alitazama saa yake, kisha sakafu.

"Basi simama mwisho wa mstari. Na wiki ijayo usije hivi."

"Wiki ijayo haitakuwa tarehe kumi na saba."

Hakusimama mwisho. Alisimama mahali pake pa siku zote, katikati ya sauti ya pili, akaimba nyimbo zote tatu, na aliyetaka kumtazama alimtazama.

Baada ya ibada alipanda treni na binti yake. Nicole alikuwa na miaka saba. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mtaa wao.

"Watu wanatuangalia," alisema, akijibana dirishani.

"Macho hayana pazia," Katungu alimjibu. "Waache waangalie."

Katika bustani ya mjini kulikuwa na meza za keki, matarumbeta, na bendera nyekundu za Norwei kila upande. Siku hiyo Wanorwei hawatembezi mizinga, hutembeza watoto, na watoto walikuwa wanapangwa tayari. Kwenye lango alisimama mwanamke mwenye nywele za mvi, naye akiwa na bunad yake, karatasi ya majina mkononi. Aliwaangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Karibuni," alisema kwa Kiingereza. "Mmealikwa na familia gani?"

"Hatukualikwa. Sisi ndio familia."

Mwanamke alitabasamu bila kufungua mdomo. "Unajua, vazi hilo si la kila mtu. Kila eneo lina la kwake, na huvaliwa na mwenye asili ya pale. Umeliazima wapi?"

Nicole alimvuta mama yake mkono. "Mama, twende nyumbani."

Katungu alihisi uso wake unawaka moto. Miaka kumi na minne aliishi Norwei kabla ya kuja Sydney, na huko nako walikuwapo wa kumwuliza hivyo hivyo, dukani, kwenye basi, hata siku ya mahafali. Alikuwa amezoea kutabasamu na kupita. Leo hakutabasamu. Alijibu kwa Kinorwei, kwa lafudhi ya kaskazini, ile ya wavuvi na wapasua kuni:

"Sikuliazima. Nililishona mwenyewe, mjini Bodø, majira mawili ya baridi. Kila ua hapa nimelitoboa kwa sindano yangu, na vidole vyangu vikatoboka pia. La kwako umeshona mwenyewe?"

Lake mwanamke alikuwa amelinunua. Shingo ilimwiva.

"Watoto wasio kwenye orodha wanatembea nyuma," alisema, akitazama karatasi yake.

"Mimi nilitembea mbele nikiwa sijui hata salamu ya Kinorwei," Katungu alisema. "Huyu hatatembea nyuma."

Akamshika Nicole mkono, akampitisha mbele ya meza, mbele ya keki na matarumbeta, akamsimamisha kwenye safu ya kwanza kati ya wasichana wawili wenye nywele za rangi ya dhahabu. Wasichana walisogea wakampa nafasi, kama watoto wanavyosogea. Mmoja alimpa bendera ya ziada. Mwanamke wa lango alitazama, lakini hakuna aliyekuja kumtoa mtoto.

Ngoma ikapigwa. Msafara ukaanza kusogea juu ya majani makavu, na Katungu akatembea pembeni mwa safu, akiimba wimbo wa taifa wa Norwei kwa sauti ile ile aliyoimbia kanisani. Wazee wawili waligeuka kumtazama. Aliwakazia macho mpaka wakageuka mbele, na akaendelea kuimba.

Nicole alikuwa ameinamisha kichwa hatua kadhaa za kwanza. Kisha akaiinua bendera, kwanza kufikia bega.

"Mama," aliita kwa Kiingereza, "kwani sisi ni Wanorwei?"

"Tembea kwanza," Katungu alimwambia. "Na inua mkono huo juu zaidi."