Nusu Kichwa

Tangu augue kiharusi, mama yangu alikuwa akisema mara moja tu kwa siku. Jioni tamthilia ya televisheni, *Pete ya Marehemu*, ilipoanza, na yule baba mdogo mla mali ya yatima akaingia na koti lake la kuazima, mama aliinua kidole pale kwenye kochi la saluni yangu: "Mwizi mkubwa wewe." Sisi wengine, daktari akiwemo, hatukuwahi kumtoa kinywani hata "ndiyo".

Kwa hiyo kituo kilipotangaza kwamba tamthilia imekatishwa kwa kukosa watazamaji, nilipandwa na hasira. Watazamaji gani? Saa hiyo saluni yangu haina pa kuweka mguu. Fundi cherehani anafunga kibanda, na jirani tunayemwita Redio, ambaye mdomo haumtulii, ananyamaza. Nami naweka chanuo chini. Mteja aliyekutwa kasukwa nusu kichwa anabaki nusu kichwa mpaka muziki wa mwisho, na anayepiga soga anatolewa nje.

Wiki ile mama alinyamaza kabisa. Nilimwekea vipindi vingine, akageuza uso ukutani. Nikaona hapana, liwalo na liwe, nikawakusanya wateja tukaenda kituoni.

Meneja wa vipindi, kijana wa tai nyembamba na maneno matamu, alitueleza kwamba walishapima: mtaani kwetu, saa ya tamthilia, karibu televisheni zote huwa zimezimwa.

"Zimezimwa kwa sababu wenyewe wako kwangu," nikamwambia.

Akatabasamu, akatazama saa yake. Tukarudi saluni.

Nikatangaza kwamba kuanzia siku ile nasuka nusu na kuishia hapo, mpaka tamthilia irudi. Redio alijitolea wa kwanza: upande mmoja mistari imenyooka, upande wa pili nywele timtimu. Tukamrusha mtandaoni. Wasusi wa miji mingine wakadakia, maana kumbe nao walikuwa na saluni zinazofurika mbele ya televisheni moja. Nusu vichwa vikaonekana benki, sokoni, hata harusini. Waume walipolalamika, tuliwapa namba ya simu ya meneja.

Kisha jioni moja msomaji wa habari wa kituo hicho hicho akatokea na kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Alisoma taarifa yote bila kutikisika, akatutakia usiku mwema, akakifungua. Nusu kichwa! Saluni nzima ilisimama kwa vigelegele.

Kesho yake meneja alinipigia mwenyewe, sauti ya mtu aliyetoka kufokewa. Alitaka kujua wasusi wataanza lini kumaliza vichwa. Nikamwambia jibu analo yeye.

Siku tamthilia iliporudi, watu walijaa mpaka barabarani. Nilikaa kando ya mama, nikihofu kwamba tumechelewa. Baba mdogo akaingia, safari hii na koti jipya. Mama kimya. Hakuna aliyetazama televisheni tena, wote walimtazama yeye.

Kidole kikainuka taratibu. "Mwizi mkubwa wewe." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu augue, akanigeukia mimi. "Koti hilo kalitoa wapi?"

Nilimjibu kwa machozi kwamba bila shaka kaliiba. Akataka kujua kwa nani. Tukapiga soga mpaka muziki wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kututoa nje.