Siku Madungu Yaliponyamaza

Kazi ya kuamia ndege wasile mpunga haihitaji akili, kama alivyopenda kusema Eustaki msimamizi, inahitaji koo. Na koo Fausta alikuwa nalo. Akipaza sauti juu ya dungu lake, jukwaa la miti katikati ya mpunga, kweleakwelea waliinuka wote wakahamia kwa jirani, na jirani, Kabula, akawapigia debe na kuwarudisha. Shamba zima lilikuwa kelele tangu alfajiri mpaka ndege waende kulala. Watu wa Mofu, ng'ambo ya mto, walishazizoea hata hawakuzisikia tena.

Fausta alitoka Masagati akijua atawahi kurudi kabla binti yake hajajifungua. Ilikuwa mimba ya kwanza ya Gladness, na hakuwa na mtu mwingine. Baba alishafariki, mume yuko machimboni, haeleweki.

"Mama, utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo," Fausta alimwapia.

Yeye na wanawake wenzake walipofika shambani, Eustaki alikusanya vitambulisho, eti awaandikishe. Kisha simu, eti zinawasahaulisha ndege. Masika yakakolea, maji yakalizunguka shamba, na mtumbwi pekee ukafungwa mnyororo. Hapo ndipo wanawake walipojua wameingia mkenge. Aliyetaka kuondoka aliambiwa alipe kwanza nauli na ugali aliokula, na malipo yenyewe ni mpaka mavuno. Aliyeliwa mpunga na ndege, naye angekatwa pesa.

Siku moja mzee Anselim, mvuvi wa Mofu, alipita na mtumbwi wake karibu na ukingo, akaita, "Mama wa Masagati! Binti yako kampigia simu mtendaji wetu wa kijiji. Miguu imemvimba, anauliza uko wapi!"

Fausta alimwendea Eustaki akiwa bado na matope miguuni. "Baba, niruhusu nikamzalishe mwanangu. Nitarudi."

"Kwani mimi mkunga, mama? Rudi kwenye dungu lako." Na Anselim akapigwa marufuku kusogelea ukingo ule.

Asubuhi yake Fausta alipanda dungu, akafumbua mdomo, sauti ikagoma. Mwanzoni yalikuwa machozi tu. Baadaye alitulia, akaona hata akiweza kupiga kelele, hapigi. Kweleakwelea walishuka kwenye mpunga wake kama watoto kwenye ubwabwa wa harusi.

"Mama Gladi!" Kabula aliita. "Unaumwa?"

"Siumwi! Siamii tena mpaka nivuke!"

Kabula alikuwa Msukuma wa Lupiro, mwenye utani usioisha, na watoto watatu waliongoja malipo yale. Alilitazama debe lake kwa muda mrefu. Kisha akaliweka chini, akakunja mikono.

Wa tatu akauliza, akajibiwa, akanyamaza. Wa nne hakuuliza. Shamba likawa kimya, isipokuwa ndege, na Eustaki, aliyetoka mbio na mabuti yake akipunga shati. Akikimbilia huku, ndege wanahamia kule. Laiti koo lingetosha bila akili, angefanikiwa.

Kule Mofu, mzee Anselim aliacha nyavu akainua kichwa. Mpunga umetia maziwa na hakuna anayeamia? Katika bonde hili hilo lina maana moja tu: kuna msiba. Alimkimbilia mtendaji, na mitumbwi ikavuka ikiwa imejaa watu waliodhani wanakwenda kuzika.

Waliwakuta wanawake wakiwa wazima, wamekaa juu ya madungu. Mtendaji akauona mnyororo, akasikiliza, akamgeukia Eustaki. "Vitambulisho vya watu unavishika kwa sheria ipi?" Funguo za mnyororo zilitoka mfukoni mwa Eustaki upesi ajabu. Alivushwa kupelekwa polisi, na mwenye shamba aliitwa kutoka mjini akakubali mbele ya kijiji: kila mtu akae na kitambulisho na simu yake, mtumbwi usifungwe, malipo kila wiki.

Fausta hakungoja kusikia hayo yote. Alivuka mto, akapanda pikipiki mpaka barabara ya Mlimba, akadandia gari la mizigo, akaingia zahanati ya Masagati uchungu ukiwa umeshaanza. Gladness alimshika mkono. "Umekuja," alisema. Fausta alimshukuru Mungu, kisha Kabula, kisha mzee Anselim, na mjukuu alipolia akaanza kuwashukuru upya.

Msimu uliofuata alirudi kuamia, kwa hiari yake, kitambulisho kikiwa kwenye pindo la kanga. Mchana mmoja jua lilikuwa kali na upepo mtamu. Akaegemea nguzo ya dungu, usingizi ukamchukua.

Alipofumbua macho, uso wa Kabula ulikuwa mbele yake, matope mpaka kiunoni. Nyuma yake wanawake wa shamba zima walikuwa wanahema, na mtoni mzee Anselim anapiga kasia kama kijana.

"Kuna nini?" Fausta aliuliza.

"Umenyamaza!" Kabula alisema, karibu alie. "Tukasema mama Gladi kapatwa na nini?"

"Nilisinzia tu, mwenzangu."

Kabula aliketi palepale kwenye tope akacheka mpaka akashika mbavu. Wengine nao wakaangua kicheko. Fausta alilia. Katika maisha yake alikuwa amenyamaza mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuja mbio.

"Asanteni," alisema, na tena, "asanteni," huku ndege wakijilia mpunga nyuma yao.