Maua ya Mguu wa Kwanza

Asubuhi ya mwaka mpya wa 1998, Nzisa, mchoraji wa mabango ya maduka pale Mitaboni, alichora maua ya chokaa kizingitini pake. Aliamini kwamba mguu wa kwanza kuyakanyaga ndio huleta bahati ya mwaka mzima, na aliutaka uwe wa mumewe Levi, aliyeshona nguo kiwandani Athi River. Hakuwa amemwona tangu Agosti.

Jirani yake Kalekye alifika na sufuria ya githeri.

"Usikanyage hapo, Mama Mutiso. Namngoja Levi."

"Kwani mguu wangu una nuksi? Haya, nitakula huku nje na kuku."

Akaketi kwenye jiwe, akangoja naye. Gari la saa nane lilileta salamu tu: Levi alikuwa amepangiwa zamu ya sikukuu.

Nzisa aliitazama barabara mpaka vumbi likatulia. Kisha akamgeukia Kalekye, aliyemwuguza malaria mwezi wa tano bila kuombwa. Githeri ilikuwa imepoa, na bado hakuwa ameigusa.

"Ingia, dada. Kanyaga katikati kabisa."

"Na Levi?"

"Akija nitamchorea mengine," Nzisa alisema, macho yake yakirudi barabarani.